Kosa 67 baada ya kupandisha Windows kwenda 11: folda ya seva (WebDAV) haiunganishwi tena kama draivu Z

MpimaMoro aliandika:

Wakuu, habari za jioni.

Naomba msaada, na mnivumilie nieleze kwa kirefu, maana nimeona humu anayeuliza kwa ufupi huulizwa maswali kumi kabla hajapata jibu moja.

Mimi ni mpima ardhi, niko Morogoro. Ofisi yetu ina watu watano. Wawili tuko hapa mjini, watatu wako saiti Kilosa kwenye kazi ya urasimishaji wa makazi. Tangu 2019 kazi zetu zote zinakaa kwenye seva moja tunayoilipia kwa mwaka. Si tovuti, ni folda tu: unaingia kwa https, unatoa jina na nywila, na Windows inaionyesha kama draivu Z. Fundi aliyetuwekea aliiita WebDAV. Aliunganisha kompyuta zote siku moja akaondoka, na tangu hapo sikuwahi kuigusa. Nafungua Z, naingia folda ya kijiji, nafungua mchoro, nasevu, basi. Kijana wa saiti akipakia vipimo vya GPS jioni, asubuhi navikuta.

Wiki iliyopita tulipandisha kompyuta mbili za ofisi kutoka Windows 10 kwenda 11. Tulijua kwamba masasisho ya bure ya Windows 10 yanakoma tarehe 14 Oktoba 2025, na tarehe yenyewe haisahauliki kwa kuwa ni Siku ya Mwalimu Nyerere, ila kazi zilibana tukawa tunaahirisha. Kupandisha kwenyewe kulikwenda salama. Programu ya kuchorea inafunguka, plota inatoa karatasi. Ni Z tu iliyobaki na alama nyekundu ya X.

Nimebofya Z, ikazunguka karibu dakika nzima, ikasema haiwezi kuunganishwa. Nikaifuta, nikaiweka upya kwa anwani ile ile. Ikakataa hata kabla ya kuniuliza nywila. Nikafungua lile dirisha jeusi la cmd, nikaandika net use na anwani, likanirudishia kosa 67, kwamba jina la mtandao halikupatikana. Nikaandika tena herufi moja moja. Jibu ni lile lile.

Kinachonichanganya ni kwamba anwani hiyo hiyo nikiiweka kwenye Chrome inafunguka. Inaniuliza nywila, naona folda za vijiji vyote. Na vijana wa Kilosa wanapakia kwa programu ya faili kwenye simu zao za Android bila tatizo. Kwa hiyo seva iko hai, intaneti ipo, nywila ni sahihi. Nimewapigia wanaotuuzia nafasi kwenye seva, wakasema kwao kila kitu kiko sawa, nizime antivirasi. Nikaizima, hakuna kilichobadilika, nikaiwasha tena.

Sasa niwaambie kwa nini hili linanikosesha usingizi. Kwa siku nne hizi vijana wananitumia faili kwa WhatsApp. Jana nimekuta mchoro wa kitongoji kimoja upo mara mbili: mmoja nilioufanyia kazi hapa, mwingine aliousahihisha kijana kule, baada ya mama mmoja mjane kulalamika kwamba bikoni (alama ya mpaka) imewekwa hatua sita ndani ya kiwanja chake. Mama huyo alimtembeza kijana juani, akamwonyesha mstari wa minyaa iliyopandwa na marehemu mumewe. Majirani wakakubali, bikoni ikahamishwa, vipimo vikachukuliwa upya. Faili zote mbili zina jina moja na ukubwa karibu sawa, na nilibakiza kidogo tu nipeleke ule wa zamani. Folda moja inayoonwa na sote ndiyo iliyokuwa inatuepusha na jambo kama hili.

Nianzie wapi?

---

fasta_fundi alijibu:

Mkuu hiyo ndogo sana. Fungua regedit (programu ya kuhariri mipangilio ya ndani ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Services\WebClient\Parameters, tafuta BasicAuthLevel, weka 2, washa kompyuta upya. Nilifanya hivyo ofisini kwa mjomba ikakubali palepale. Kama cheti cha usalama cha seva nacho kinasumbua, toa ile s ya https, tumia http.

---

BiSeva_Dom alijibu:

Kaka MpimaMoro, pole na kazi. Umeeleza vizuri mno, na jibu tayari limo ndani ya maelezo yako.

Ila kwanza, tafadhali usifuate ushauri wa hapo juu. Mdogo wangu amesema kwa nia njema, na najua ofisini kwa mjomba ilikubali, lakini tuangalie imekubali nini. BasicAuthLevel ikiwa 0, Windows haitumi kabisa nywila kwa njia ile ya kawaida. Ikiwa 1, na ndivyo inavyokuja, inatuma kwa https tu. Ikiwa 2, inatuma hata kwa http tupu. Nywila inayopita kwa njia hii haikufichwa, imegeuzwa maandishi ya base64 tu, na mtu yeyote anayenasa mawasiliano ya Wi-Fi yenu anairudisha ilivyokuwa kwa sekunde moja. Kwenye hiyo folda kuna majina ya watu, namba zao za kitambulisho cha taifa (NIDA) na mipaka ya viwanja vyao. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo, watu hao wamekukabidhi wewe. Iache kwenye 1. Anwani yako ni https, huhitaji zaidi.

Sasa tatizo lenyewe. Soma tena ulichoandika: Chrome inafungua, simu zinafungua, Z haifungui, net use haifungui. Vyote vinavyofanya kazi vina njia yake kwenda kwenye seva. Vyote viwili vinavyokataa vinapita mlango mmoja wa Windows, huduma iitwayo WebClient. Hiyo ndiyo mkalimani kati ya dirisha la mafaili na lugha ya WebDAV. Mkalimani akiwa amelala, Windows inachukulia anwani yako kama jina la kompyuta ya mtandao wa ndani, inaitafuta, inaikosa, inakupa 67. Ndiyo maana hata nywila hukuulizwa. Ombi lako halikutoka nje ya kompyuta yako.

Microsoft waliiweka WebClient kwenye orodha ya vitu wanavyoacha kuviendeleza Novemba 2023, na kwa kawaida haianzi yenyewe. Fundi wenu wa 2019 bila shaka aliiweka ianze pamoja na kompyuta, na mabadiliko kama hayo mara nyingi hurudi kwenye hali ya mwanzo toleo likipandishwa.

Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika services.msc, shuka mpaka WebClient, ifungue, chagua Automatic, kisha Start. Ukipenda amri, fungua cmd kwa mamlaka ya msimamizi:

sc config WebClient start= auto
net start WebClient

Acha nafasi baada ya ile alama ya sawasawa, kama nilivyoandika. Kisha:

net use Z: https://anwani-ya-seva/folda * /user:jina-lako /persistent:yes

Nyota hiyo inaifanya ikuulize nywila, ili isibaki imeandikwa kwenye dirisha.

Ukitaka uhakika kwamba seva haina kosa, usitumie Chrome kama shahidi. Kivinjari kinaomba kwa GET, yaani "nipe ukurasa huu". Folda inahitaji PROPFIND, yaani "niorodheshee kilichomo, na ukubwa, na tarehe". Seva inaweza kukubali la kwanza ikakataa la pili. Jaribu hivi, curl ipo tayari ndani ya Windows:

curl.exe -i -u jina-lako -X PROPFIND -H "Depth: 1" https://anwani-ya-seva/folda/

Ikirudi 207, seva ni nzima. Ikirudi 401, ni jina au nywila. Ikirudi 405, anwani hiyo haikubali WebDAV na hapo uwapigie tena wenye seva, safari hii ukiwa na namba mkononi.

Mimi natunza seva ya maktaba ya chuo, na jambo hili nimelitatua kwenye kompyuta zaidi ya ishirini tangu watu waanze kuhamia 11. Nijulishe imefika wapi.

---

MpimaMoro aliandika:

Dada BiSeva, ahsante sana. Curl imerudisha 207. WebClient ilikuwa imesimama kabisa. Nimeiwasha, Z ikafunguka kabla sijamaliza kikombe cha chai, nikamwita binti wa ofisini aje aone.

Lakini kuna mambo matatu.

La kwanza, kwenye kompyuta yake tumefanya hatua zile zile, cmd ikasema amri imekamilika, na Z haionekani kwenye dirisha la mafaili. Akiandika Z: ndani ya cmd anaingia na kuona folda zote. Nje ya cmd, hakuna.

La pili, Z kwangu inaonyesha ukubwa sawasawa na wa C, hata nafasi iliyobaki ni ile ile. Niliingiwa na hofu kwamba nimeunganisha diski yangu mwenyewe.

La tatu ndilo zito. Michoro ya DWG inapanda na kushuka. Picha za droni hazipandi. Ile ya kitongoji cha yule mama ni TIFF ya MB 186. Nikiinakili kwenda Z inaniambia kosa 0x800700DF, kwamba ukubwa wa faili umepita kiwango kinachoruhusiwa. Kabla ya kupandisha Windows tulikuwa tunapakia picha kubwa kuliko hiyo. Nafasi kwenye seva ipo, nimeangalia kwenye akaunti yetu.

---

BiSeva_Dom alijibu:

Kaka, la kwanza ni kosa langu, nilipaswa kusema. Kuwasha huduma kunahitaji cmd ya msimamizi, lakini net use iandikwe kwenye cmd ya kawaida. Windows inamhesabu mtu yule yule kama watu wawili, mmoja mwenye mamlaka na mmoja wa kawaida, na draivu aliyoiunganisha mmoja haionekani kwa mwingine. Binti ameiunganisha akiwa msimamizi, na dirisha la mafaili linafanya kazi kama mtu wa kawaida. Kwenye ile ya msimamizi aandike net use Z: /delete, aifunge, afungue cmd nyingine bila mamlaka, aunganishe upya. Au atumie "Map network drive" kama ulivyofanya mwanzo, aweke alama ya kukumbuka nywila.

La pili lisikutishe. Seva yenu haiiambii Windows ina nafasi kiasi gani, kwa hiyo Windows inajaza pengo hilo kwa tarakimu za C. Usizitumie kujua nafasi iliyobaki, endelea kuangalia kwenye akaunti.

La tatu: WebClient ina kikomo chake cha ukubwa wa faili, na kinachokuja nayo ni baiti 50,000,000, chini kidogo ya MB 48 kwa hesabu ya Windows. Kiliwekwa kwa usalama, ili seva yenye nia mbaya isiweze kuishindilia kompyuta yako faili kubwa mpaka ikwame. Fundi wenu alikipandisha mwaka ule, sasa kimerudi chini. Nenda pale pale alipotaja mdogo wangu, kwenye WebClient\Parameters, safari hii fungua FileSizeLimitInBytes. Chagua Decimal, andika 4294967295. Hicho ndicho cha juu kabisa, karibu GB 4. Kisha simamisha WebClient na uiwashe tena, la sivyo haisomi thamani mpya.

Ukianza kupakia picha hizo kuna jambo ulijue, kwa sababu linahusu usalama wa kazi. Mstari wa kunakili utakimbia haraka mpaka karibu na mwisho, halafu utasimama. Usidhani imeganda. Windows huiweka faili kwanza kwenye akiba ya ndani ya kompyuta, na ikishafika hapo ndipo inapoanza kuipeleka kwenye seva. Muda huo wa kusimama ndio muda wa kupakia kwa kweli. Ukikatisha, au ukifunga laptopu, seva inaweza kubaki na faili tupu yenye jina sahihi. Na kushuka ni vivyo hivyo: ukifungua picha ya MB 186 moja kwa moja kutoka Z, yote inashushwa kwanza, hata kama ulitaka kuangalia kona moja. Kwa anayetumia bando, hesabu yake ni hiyo.

Kama Z itakuwa nzito hata kwa faili ndogo, ingia Settings, sehemu ya mtandao, kwenye Proxy, zima ile ya kutafuta mipangilio yenyewe. WebClient hupoteza sekunde nyingi hapo ikitafuta proksi, yaani seva ya kati ya kupitia intaneti, ambayo kwenu haipo.

---

RekodiZaPwani alijibu:

Ndugu MpimaMoro, salamu kutoka Mombasa. Dada amekutibu barabara, sina la kumsahihisha. Nataka kugusa lile la mchoro kuwa mara mbili, maana limenikaa moyoni.

Mimi nahifadhi rekodi za mahojiano ya wazee, sauti za WAV. Saa moja ya mazungumzo hupita MB 600. Miaka mitatu nilifanya kazi kwa draivu ya WebDAV kama wewe. Niliiacha kwa faili kubwa si kwa kuwa ilikuwa mbaya, ni kwa kuwa nilipoteza nusu ya mahojiano ya mzee ambaye sasa hayupo duniani. Umeme ulikatika wakati ule mstari "umesimama", na mimi nilikuwa nimeshafuta nakala kwenye kinasa sauti. Tangu siku hiyo sifuti chochote mpaka nimeishusha tena kutoka kwenye seva na kuisikiliza.

WebClient haijaondolewa, na itakusaidia kwa sasa. Lakini kitu kisichoendelezwa tena si cha kukijengea ofisi. Nakushauri Z iendelee kwa michoro midogo, na picha za droni uzipitishe kwa programu isiyotegemea WebClient. WinSCP inaijua WebDAV, ina madirisha mawili, kompyuta yako upande mmoja na seva upande wa pili, na mstari wake unakwenda sambamba na kinachopakiwa. Mimi natumia rclone, ya amri, ambayo ukiiongezea programu-saidizi WinFsp inaweza hata kukupa draivu yenye herufi kama Z. Mtandao ukikatika katikati ya folda yenye picha hamsini, ukiirudia inaruka zilizokwisha kufika.

Hapo ndipo pa kuwa macho, ndugu yangu. Kwenye WebDAV ya kawaida, rclone haiwezi kusoma tarehe za faili kwa kuaminika, na seva haiipi alama ya kulinganisha yaliyomo. Inabaki kulinganisha ukubwa peke yake. Faili mbili zenye jina moja na ukubwa ule ule, itaziona ni kitu kimoja na kuiruka. Kwako wewe, bikoni iliyohamishwa hatua sita inaweza kubadilisha tarakimu chache tu ndani ya faili ya vipimo, na ukubwa usibadilike hata kwa baiti moja. Kwa hiyo ukikagua, andika rclone check pamoja na --download, ishushe na kulinganisha yaliyomo yenyewe. Itakula bando, lakini ndiyo njia ya kuwa na uhakika.

Kwa zile mbili ulizo nazo sasa, Windows ina chombo chake:

certutil -hashfile mchoro.dwg SHA256

Fanya kwa kila moja, itakupa mstari wa herufi na tarakimu unaotokana na yaliyomo kwenye faili. Mistari ikitofautiana, faili zinatofautiana. Haitakwambia ipi ni ya haki. Hilo muulize kijana aliyetembea na yule mama.

Na msiandike juu ya faili ya mwenzako. WebDAV ina kufuli, LOCK, lakini si kila programu inaifunga na si kila seva inaiheshimu. Pasipo kufuli, wa mwisho kusevu ndiye anayebaki, na wa kwanza hajui kama kazi yake imefutika.

---

fasta_fundi alijibu:

BiSeva nimekuelewa dada. Nimerudi kwa mjomba, nimeweka 1, anwani nimeirudisha https. Ilikataa mwanzoni kwa kuwa cheti cha seva yao kilikuwa kimeisha muda, wamekihuisha leo. Shukrani.

---

MpimaMoro aliandika:

Narudisha mrejesho, ili atakayefika hapa kwa kosa 67 akute mambo yalivyoishia.

Kompyuta zote mbili zina Z sasa. Ya binti ilikuwa kweli cmd ya msimamizi. Ameunganisha upya kwa cmd ya kawaida ikaonekana hapo hapo. Kwenye regedit nilikuta FileSizeLimitInBytes ikiwa 50000000 kama alivyosema dada. Nimeiweka 4294967295, nikasimamisha WebClient na kuiwasha. Picha ya MB 186 imepanda kwa dakika 18. Mstari ulifika mwisho ndani ya sekunde chache ukasimama, na kama nisingekuwa nimeonywa ningefunga kompyuta nikaenda zangu. Niliposhusha nakala na kuilinganisha kwa certutil, mistari ilikuwa sawa.

Proksi nimeizima pia. Folda ya kitongoji ilikuwa inachukua nusu dakika kufunguka, sasa inafunguka mara moja. Hilo lilikuwepo hata zamani, kwenye Windows 10, na kwa miaka yote nilidhani ni intaneti ya Morogoro.

Kilichobaki ni kidogo. Asubuhi nikiwasha kompyuta Z inaanza na X nyekundu mpaka niibofye mara mbili, kisha inatulia. Nadhani Windows inajaribu kuiunganisha kabla Wi-Fi haijashika. Naweza kuishi nalo.

Ndugu wa Mombasa, pole kwa yule mzee na sauti yake. Maneno yako nimeyasoma mara mbili, nikampigia kijana wa Kilosa saa hiyo hiyo. Certutil ilionyesha michoro ile miwili ni tofauti, na tofauti ilikuwa kubwa kuliko nilivyojua: mbali na bikoni ya yule mama, kijana alikuwa amesahihisha pia njia ya miguu inayopita nyuma ya viwanja viwili jirani, na hakunitajia kwa kuwa alidhani nimeiona kwenye faili. Kwa hiyo hata kama ningekumbuka kuhamisha ile bikoni kwa mkono kwenye mchoro wangu, njia ya watu ingefutika kwenye ramani.

Tumekubaliana hivi. Kila mchoro una mtu mmoja wa kuusevu kwa siku, na jina la faili linabeba tarehe na herufi za mwenye kusevu. Mchoro wa zamani hauandikwi juu, unahamishwa kwenye folda ya nyuma. WhatsApp ni ya kuambiana tu kwamba faili imepanda. Picha za droni zitapita kwa WinSCP kuanzia wiki ijayo. Binti ameshaijaribu kwa tatu na hakuna iliyokwama. Rclone nitaijaribu kazi ikipungua, nikiwa na ile --download akilini.

Alhamisi nakwenda Kilosa mwenyewe. Nimechapisha kipande cha ramani cha kitongoji kile kwa karatasi ya A1, chenye bikoni mahali pake na njia ikiwa imechorwa, nikakisimamishe mbele ya yule mama na majirani zake wakiangalie kabla sijakipeleka popote.